Meza ya jikoni: mbao, saruji au jiwe?

Mwezi huu tunaingia jikoni. Hapa Kampala wengi wetu tunakaa kwenye muzigo, chumba kimoja au viwili, na tunapikia kwenye varanda. Sambaza tunasafisha chini, lengalenga tunakatia chini, mbabula iko chini, na mtoto anayejifunza kutembea naye yuko hapo hapo. Kwa hiyo meza ya kukatia na kukandia si urembo. Kisu na sufuria ya moto vikipanda juu, mtoto havifikii haraka, mradi mkono wa sufuria usichungulie nje.

Kabla ya kuuliza bei, jiulize nyumba ni ya nani. Tunajua familia iliyopiga kaunta ya saruji na vigae kwenye nyumba ya kupanga, vizuri kabisa. Miezi michache tu, landlodi akataka nyumba yake. Walitoka na masahani, kaunta ikabaki. Basi kwa mpangaji sisi tunasema: tafuta kitu chenye miguu, kinachoweza kupanda kwenye pikapu pamoja na magodoro.

Mbao nyingi zinauzwa Ndeeba. Mvule ni ngumu na mchwa hauipendi, lakini bei yake inauma. Kalitunsi ni rahisi, ila ikinunuliwa mbichi itajipinda na kupasuka, na meza itacheza kama kiti cha baa. Shika ubao, funga jicho moja, uangalie urefu wake kama umenyooka. Paini ni laini, kisu kinachimba, na kwenye mashimo hayo ndiyo maji ya samaki yanakaa. Ukiipata hiyo tu, ichukue, lakini katia juu ya kibao kidogo unachoweza kuosha kwa sabuni na kuanika juani.

Jihadhari na zile mbao za unga wa mbao uliogandishwa, zenye plastiki inayong'aa juu. Dukani zinavutia, lakini maji yakiingia pembeni zinafura kama mkate kwenye chai, na hazirudi. Sisi tunaokaa mabondeni, mvua za Machi mpaka Mei maji yanaingia ndani bila hodi. Kwa sababu hiyo miguu ya chuma ni bora. Mafundi wa Katwe wanachomelea fremu kwa vipimo vyako. Waambie wapake rangi ya kuzuia kutu mpaka chini ya nyayo, si ubavuni tu, na waweke chuma cha kuunganisha miguu. Meza haifi juu, inafia kwenye maungio.

Graniti? Ni jiwe kweli, moto na kisu haviisumbui. Lakini ni nzito, inataka msingi imara, na hakuna anayehama nayo. Tuwaachie wenye nyumba za Muyenga.

Sasa ninyi mlio Nakivale au Kyangwali, mliojenga kwenye kiwanja mlichopewa, kwenu saruji inafaa sana. Changanya ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto, unene inchi tatu. Nondo zikae sehemu ya chini ya zege, maana chini ndiko linakopasukia. Wapo mafundi wanaoziacha zielee katikati, waangalie vizuri! Juu piga niru iwe laini. Limau na siki zinakula niru, kwa hiyo pangusa mara moja. Mbabula usiiweke juu yake moja kwa moja. Tanguliza matofali, la sivyo moto utaipasua. Na hata ukiwa na kaunta nzuri namna gani, makala yasiwake ndani mlango ukiwa umefungwa, moshi wake usioonekana unaua.

Kimo nacho kina maana. Mama asimame wima, akunje mkono. Meza iwe chini ya kiwiko kwa sentimita 10 mpaka 15. Kwa kukanda unga wa mandazi, ishuke kidogo zaidi ili mwili wote usukume, mgongo usilie jioni.

Zege likishamwagwa, limwagilieni maji asubuhi na jioni kwa siku 7, mlifunike kwa magunia. Mbao za kushikilia chini zikae wiki mbili, hata kama fundi anazitaka kwa kazi ya jirani.