Hedifoni za Thamani Kwenye Amplifaya ya Spika: Nguvu Yatosha au Yazidi?

Katika vitongoji vyetu vya Kagondo, amplifaya iliyo kubwa kuliko zote aghalabu ni ile ya msikitini. Imo katika kabati la mbao, chini ya kufuli, na kazi zake zajulikana: adhana, hotuba ya Ijumaa, darsa, na tangazo la msiba. Siku hizi kamati yetu imeletewa ombi ambalo wazee hawakuwahi kulisikia. Vijana wachache wamepelekewa na ndugu zao walioko Muscat hedifoni kubwa za thamani, ambazo zikichomekwa katika simu hutoa sauti dhaifu, kama ya mgonjwa. Wanauliza iwapo waya zake zaweza kufungwa pale zinapofungwa waya za spika. Tumewauliza mafundi redio, tumepiga hesabu, na tunayaweka majibu hapa kwa kuwa twajua wazazi wengine nao wanaulizwa.

Kwanza tuwatendee haki vijana: fikra yenyewe si ya kipuuzi. Hedifoni za kawaida zina koili ndogo inayosukuma kikaratasi chepesi, na umeme mchache wa simu waitosha. Hizo nyingine zina utando mwembamba uliochorwa njia za waya juu yake, ukatandazwa kati ya safu za sumaku. Sauti yake husifiwa kwa usafi, lakini baadhi yake ni nzito kusukumwa. Mfano mashuhuri ni HE-6 ya kampuni ya HiFiMan, yenye ukinzani wa omu 50. Ikipewa umeme wa miliwati 1 hutoa kama desibeli 83 tu, ilhali hedifoni nyingi za kawaida kwa miliwati hiyo hiyo hufikia 100 au karibu yake. Kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya AKG ya Vienna ilitoa hedifoni iitwayo K1000, isiyo ya aina hiyo ya utando lakini nzito kuliko HE-6. Wenyewe waliitengeneza ili ifungwe moja kwa moja kwenye amplifaya ya spika, kwa sababu amplifaya za hedifoni za wakati ule hazikuiweza.

Lakini nguvu gani hasa inatakiwa? Hapo ndipo hesabu inapowaacha wengi. Ili HE-6 ifikie kishindo cha desibeli 110, ambacho ni kikubwa mno, inahitaji karibu nusu wati. Amplifaya ya wati 50 kwa spika ya omu 8 inaweza kutoa volti 20. Volti hizo zikiingia katika hedifoni ya omu 50 ni wati 8, na katika hedifoni ya kawaida ya omu 32 ni wati 12 na nusu, kwa kitu ambacho hakikuundwa kupokea hata wati 2. Kwa hedifoni ya kawaida, volti 1 peke yake, yaani kitufe kikiwa kimeguswa tu, huleta kama desibeli 115. Huko ni kumwagilia mche wa kahawa kwa bomba la gari la zimamoto.

Tena amplifaya za misikitini si sawa na za sebuleni. Zile za Ahuja kutoka India, ambazo misikiti mingi inazo, zina vifungio vya omu 4, 8 na 16, na pembeni yake vifungio vya volti 70 na 100 kwa ajili ya kusafirisha sauti mbali hadi kwenye spika za pembe juu ya mnara. Mtu akikosea akafunga hedifoni ya omu 32 kwenye volti 100, anadai wati zaidi ya 300. Kitakachoungua kwanza ni bahati tu itakayoamua, hedifoni au mashine. Na ikiwa zimevaliwa, hatupendi kulifikiria sikio.

Amplifaya ndogo za kisasa, zile zinazouzwa madukani kwa ajili ya betri ya volti 12, nazo zina mtego wake. Nyingi hazina upande wa hasi ulio mtupu. Waya zote mbili za kila spika zina umeme. Pini ya kawaida ya hedifoni huunganisha hasi ya sikio la kulia na ya kushoto kuwa moja. Ukiichomeka hapo umeziunganisha njia mbili ambazo hazikutakiwa kukutana, na mashine hufa papo hapo. Ni lazima hedifoni iwe na waya nne, mbili kwa kila sikio, zisizogusana.

Kuna na jambo la umeme wetu. Mkoa wa Kagera kwa miaka mingi uliuvuta umeme kutoka Uganda, na hata leo mvua ikinyesha kwa nguvu tunajua taa zitafanya nini. Umeme ukikatika na kurudi ghafla, amplifaya nyingi hutoa kishindo. Spika ya pembe hukivumilia, na jirani hushtuka kidogo. Hedifoni iliyobana sikio haina pa kukipeleka kishindo hicho ila ndani ya sikio.

Wazazi watukumbuke kwenye hili la sikio. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na 75 kwa mtoto. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda unapungua kwa nusu, hata ikifika 100 zimebaki kama dakika 20 kwa wiki nzima. Shirika hilo hilo limekadiria kuwa vijana zaidi ya bilioni 1 duniani wako katika hatari kwa sababu ya kusikiliza kwa sauti kubwa. Vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena. Mwanafunzi wa hifdhi anayerudia kisomo cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary kwa saa tatu kila usiku anakihitaji kisikio hicho akiwa na miaka 60.

Kwa aliye na amplifaya yake nyumbani na anataka kujaribu, njia ipo, nayo ni ya zamani. Amplifaya nyingi za sebuleni za miaka ya 1970 zilikuwa na tundu la hedifoni lililopata sauti yake kutoka njia ya spika kupitia rezista za omu mia kadhaa. Fundi anaweza kuweka rezista ya omu 330, yenye uwezo wa wati 2, katika kila njia ya sauti. Kwa mfano wetu wa omu 32, volti 20 zitashuka hadi chini ya 2. Hata hapo sauti yaweza kuwa kali, kwa hiyo kitufe kianze sifuri, mashine iwashwe kwanza, na hedifoni zivaliwe mwisho. Hedifoni nyingine hubadilika ladha ya sauti zikipewa rezista, besi ikavimba. Zile za utando hazijali sana.

Ama amplifaya ya msikiti, kamati imeamua isifungwe hedifoni kwenye vifungio vya spika, kwa kuwa ni mali ya waqfu iliyonunuliwa kwa michango ya watu waliokusudia adhana. Anayerekodi darsa na kutaka kulisikiliza kwa utulivu atapewa waya kutoka tundu la kurekodia lililo nyuma ya mashine, ambalo halina nguvu ya kuunguza kitu, naye aje na amplifaya yake ndogo ya hedifoni. Ufunguo wa kabati uko kwa muadhini, baina ya Alasiri na Magharibi.