Kabla ya Kununua Draivu ya Flopi, Soma Kadi

Wenye kompyuta kuukuu wanaonifikia hapa Biliqo, kaunti ya Isiolo, huwa na ombi moja: "Fundi, nifungie draivu ya flopi inayobeba zaidi." Wengi hudhani kazi ni kuchomeka waya tu. Waya wenyewe ni ule ule bapa wa nyaya 34, pengine ukihitaji adapta kichwani. Tatizo liko kwenye kadi inayoiendesha draivu.

Tazama hesabu. Flopi ya inchi 3.5 ya kilobaiti 720 ina njia 80 kila upande, na kila njia ina vipande 9 vya baiti 512. Ile ya megabaiti 1.44, iliyoletwa na kompyuta za IBM PS/2 mwaka 1987, ina njia hizo hizo 80 lakini vipande 18. Zote mbili huzunguka mara 300 kwa dakika. Basi data inayopita kwenye kichwa cha kusomea hupanda kutoka biti 250,000 kwa sekunde hadi 500,000. Ni sawa na Waborana wakipokezana ndoo kisimani: wa chini akiongeza kasi na wa juu asiongeze, maji humwagika.

Kadi za kompyuta za kizazi cha IBM PC XT ya 1983 ziliundwa kwa kasi ile ya chini. Hata Commodore walibanwa hapo: chipu ya kompyuta yao ya Amiga haikumudu kasi ya juu, ikabidi draivu ipunguzwe hadi mizunguko 150 kwa dakika.

Kwa hiyo ukifunga draivu ya 1.44 kwenye XT, itumie kama ya 720, ukiwa na DOS 3.2 au ya baadaye, na uitambulishe kwa mstari wa DRIVER.SYS ndani ya faili ya CONFIG.SYS. Ukitaka 1.44 kamili, tafuta kadi ya biti 8 inayomudu kasi ya juu na yenye BIOS yake, pamoja na DOS 3.3.

Wakati wa kufunga, ukingo mwekundu wa waya uelekee pini ya kwanza. Taa ya draivu ikiwaka bila kuzima, waya umegeuzwa. Nyaya za 10 hadi 16 zimesokotwa karibu na ncha. Draivu iliyo baada ya msokoto ndiyo A, ya katikati ni B.

Tena, usizibe kwa selotepu tundu la diski ya 1.44 ili ijifanye ya 720. Utando wake wa sumaku ni tofauti, na ulichoandika leo huenda kesho kisisomeke. Sony waliacha kuuza flopi nchini Japani mwaka 2011, hivyo zilizobaki ni za kutunzwa. Nakili kwanza yaliyomo kwenye diski zako, kisha fungua kasha usome kadi. Draivu nunua mwisho.