Jabali Liyeyukalo Mtoni

Msafiri atokaye Arusha kwenda Moshi huvuka, chini ya Mlima Meru, mto uitwao Maji ya Chai, uliopewa jina hilo kwa ajili ya rangi yake ya hudhurungi. Lakini rangi hiyo siyo idhuruyo, kwani chenye madhara humo hakina rangi wala harufu, nacho ni floridi, ambayo katika mto huu huzidi miligramu 10 kwa lita moja, ilhali kikomo kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5.

Floridi hiyo ni zao la mlima wenyewe. Mvua inyeshapo hutwaa hewa ya kaboni dioksidi angani, na zaidi katika udongo ambamo mizizi hupumua, ikawa asidi. Nayo, ijapokuwa dhaifu, hulila jabali kidogo kidogo dahari na dahari, ikisaza udongo wa ufinyanzi na kuyachukua madini yayeyukayo mpaka mtoni. Kwa hiyo ayapimaye maji husoma ndani yake asili ya mwamba: mto utokao penye mawe ya chokaa hujaa kalsiamu, ama utokao Meru, mlima wa volkano wenye sodiamu tele na kalsiamu haba, huchukua magadi na floridi. Na katika uhaba huo ndimo ilimo siri, maana lau kalsiamu ingalikuwa nyingi, ingaliishika floridi na kutuama nayo.

Mtoto anywaye maji haya wakati meno yake ya ukubwani yangali yakijijenga ndani ya ufizi, huota meno yenye madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki, wala hayo si uchafu wa kumwaibisha. Na floridi nyingi ikinywewa miaka mingi, mifupa hukakamaa na viungo huweza kupinda. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floridi husalia, tena huzidi kukolea kadiri maji yapunguavyo kwa mvuke.

Yaliyo salama ni maji ya mvua yaliyokingwa paani, ambayo hayajaligusa jabali, au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, njia iliyochunguzwa kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto, jirani na mto huo. Mkaa huo huinasa floridi kwa tabia ile ile ya mfupa ulio hai. Basi na inaswe kwanza na mfupa wa ng'ombe, kabla haijaufikia wa mtoto.