Kabla ya Kukitupa, Uliza Kilibeba Nini

Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Ndiyo maana mtu akinunua ndoo mpya, ile ya zamani huigeuza adui. Hata hivyo, sidhani kama sisi Wakenya tunahitaji kufunzwa kuwa vitu vikuukuu vina kazi. Hilo tulilijua kitambo. Nenda soko lolote uulize bei ya mahindi, utaambiwa gorogoro ni pesa ngapi. Je, gorogoro ni nini kama si mkebe wa kilo mbili wa mafuta ya kupikia uliomaliza kazi yake? Debe nalo lilikuwa la mafuta ya taa. Yaani mikebe mitupu imekuwa vipimo vya taifa zima! Shida yetu ni nyingine: hatujui ni kipi hakifai kabisa, na kile kinachofaa, kinafaa kwa kazi gani.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kutumia tena ni kukichukua kitu jinsi kilivyo na kukipa kazi nyingine, mathalan kupanda dania ndani ya mtungi uliotoboka. Kurejeleza ni kukivunja na kukiyeyusha hadi kiwe malighafi upya. Jambo la kwanza twaweza kulifanya wenyewe nyumbani. La pili linataka tanuri au kiwanda, na kwa hivyo lazima apatikane mtu wa kununua. Kitu chaweza kuwa cha kuyeyushwa, lakini kama mtaani kwenu hakuna anayekinunua, kitaishia jaani tu.

Vyuma vina bahati, kwa sababu wanunuzi wake wako kila mahali. Sufuria iliyotoboka usiitupe hata kidogo. Alumini huyeyushwa mara nyingi bila kuharibika, tena kazi hiyo hutumia kama asilimia 5 tu ya nguvu zinazohitajika kuitoa katika mawe ya ardhini. Pale Kamukunji, Nairobi, mafundi wa jua kali hugonga mapipa kutwa kucha wakiyageuza majiko, makarai na yale masanduku wanayobeba wenzetu wa shule za bweni. Lakini palipo na pesa hapakosi wezi. Mnamo Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma vikuukuu kwa miezi kadhaa kwa sababu watu walikuwa wakiharibu milingoti ya stima. Kwa hivyo uza sufuria ya mama (kwa ruhusa yake!), si mfuniko wa mtaro wa barabarani.

Chupa za kioo pia huyeyushwa bila kikomo. Ila usizichanganye na kioo cha dirisha, maana hicho huyeyuka kwa joto tofauti na huharibu mchanganyiko.

Sasa tuje kwa plastiki, ambayo ndiyo inatusumbua zaidi. Hebu pindua chombo chochote cha plastiki utazame kitako chake. Aghalabu utaona pembetatu ndogo yenye nambari kutoka 1 hadi 7. Wengi hudhani alama hiyo ina maana kuwa chombo kitarejelezwa. La hasha! Inakueleza aina ya plastiki, basi. Nambari 1 ni chupa za maji na soda. Nambari 2 ni kama ile mitungi ya lita ishirini, na 5 huonekana sana kwenye vikopo vya siagi. Hizi tatu ndizo wanunuzi huzipenda. Nambari 3 na 6 hazina soko la maana. Ile mifuko myepesi ya plastiki ya kubebea vitu, serikali iliipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017, ingawa bado utaiona imenasa kwenye seng'enge.

Kuna matumizi moja ya plastiki ambayo kila mtu anayajua na hakuna anayeyasema: kuwashia jiko la makaa. Kweli, moto hushika upesi. Lakini moshi ule mweusi una sumu, hasa plastiki ikiwa ya nambari 3, na anayeuvuta ni mama aliyeinama pale pamoja na mtoto aliye mgongoni. Heri kijiti kikavu au karatasi za daftari lililojaa.

Hapa ndipo nataka tuulize swali langu: chombo hiki kilibeba nini? Mtungi uliokuwa na dawa ya kunyunyizia kahawa au nyanya hauwi tena mtungi wa maji, hata ukisuguliwa kwa mchanga na sabuni juma zima. Plastiki hunyonya dawa kisha huitoa polepole. Mtungi kama huo huoshwa mara tatu, maji yake yakamwagwa ndani ya pampu ya kunyunyizia wala si mtoni, halafu hutobolewa ili asitokee mtu wa kuutamani.

Swali hilo lina pacha wake: kitabeba nini? Chupa ya soda ni safi, lakini ukitia mafuta ya taa ndani yake umetega mtego. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma. Anachojua ni kuwa chupa ya namna ile hutoka kitu kitamu. Mafuta hayo yakiingia mapafuni yaweza kumuua.

Betri za magari zinanunuliwa sana kwa sababu ya madini ya risasi yaliyomo. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifunguliwa mwaka wa 2007 kando ya makazi ya watu na kikafungwa mwaka wa 2014, baada ya risasi kuingia katika hewa, udongo na damu ya wakazi, watoto wakiwemo. Mwaka wa 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufani, Mahakama ya Juu iliurudisha uamuzi huo mwaka wa 2024. Kwa hivyo betri ya gari mrudishie aliyekuuzia mpya, wala usiipasue uani. Zile ndogo za tochi nazo msiziponde ili kupata unga mweusi wa kupaka ubao, hata kama darasa lililotutangulia lilifanya hivyo.