Mshipa, Kiwango na Kanieneo: Istilahi za Upimaji wa Gesi za Damu kwa Sungura na Nafasi ya Kiswahili Mjini Juba

Sudan Kusini ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, Kiswahili kiliingia katika mjadala wa elimu wa nchi ambayo Katiba yake ya Mpito ya mwaka 2011 imekifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya kazi, na ambayo mji wake mkuu, Juba, hutumia zaidi Kiarabu cha Juba sokoni. Mijadala ya istilahi imeelemea sheria na biashara. Makala hii inachukua mfano finyu wa tiba ya wanyama, yaani upimaji wa gesi za damu kwa sungura aliye katika nusukaputi, kwa kuwa hapa utata wa neno moja waweza kumuua mnyama kabla upasuaji haujakwisha.

Sungura ana kifua kidogo na tumbo kubwa ambalo, anapolazwa chali, hukandamiza kiwambo. Koo lake ni jembamba, hivyo kupenyeza mrija wa hewa ni kazi ngumu. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta vifo vinavyohusiana na nusukaputi vya asilimia 1.39 kwa sungura, ilhali kwa mbwa ni asilimia 0.17. Dawa hudhoofisha upumuaji, hewaukaa hujilimbikiza, na damu huongezeka asidi.

Sampuli huchotwa kwenye ateri ipitayo katikati ya sikio. Vena hupita ukingoni. Kiswahili cha kila siku huziita zote mbili mshipa, na neno hilo hutumika hata kwa neva. Mwongozo usemao "chota damu katika mshipa wa sikio" hauna kosa la sarufi. Hata hivyo, anayeufuata ukingoni, ambako wengi wamezoea kudunga sindano, atapata damu iliyokwisha kuacha oksijeni tishuni, na majibu yatamwonyesha mnyama aliye taabani kuliko alivyo. Kiarabu hutenganisha shiryani na waridi bila shida. Jozi hiyo haiazimiki: kwa Mswahili, waridi ni ua. Ateri na vena, zilizomo tayari katika vitabu vya biolojia, zinatosha.

Utata mkubwa zaidi umo katika "kiwango cha oksijeni", usemi uliozoeleka zaidi wakati wa UVIKO-19. Oksimita hupima asilimia ya himoglobini iliyobeba oksijeni. Kichanganuzi cha gesi za damu hupima kanieneo ya oksijeni na ya hewaukaa. Sungura anayevuta oksijeni tupu anaweza kuonyesha asilimia 99 kanieneo ikiwa milimita 450 za zebaki, na asilimia hiyo ikabaki karibu palepale kanieneo ikishuka hadi 120. Wakati huohuo hewaukaa inaweza kupanda bila oksimita kuashiria lolote. Anayesoma "kiwango ni kizuri" hana sababu ya kuhangaika, na hapo ndipo mnyama hupotea. Neno shinikizo lingefaa, lakini limekwisha kumilikiwa na shinikizo la damu. Kanieneo ya wanafizikia haina mgogoro huo, ingawa wauguzi wengi hawajaizoea.

Mjini Juba suala hili lina sura ya vifaa pia. Baadhi ya vichanganuzi vya mkononi vimeundwa kufanya kazi kati ya nyuzi 16 na 30 za Selsiasi, nalo joto la mchana la Februari na Machi hupita 35. Kwa hiyo oksimita, isiyohitaji ubaridi wala vibonge vya kupimia, ndiyo itakayotangulia kufika, na pamoja nayo usemi wake. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, ingefaa ipitishe "asilimia ya oksijeni" kwa kifaa hicho na "kanieneo" kwa kichanganuzi kabla miongozo ya Kiswahili ya Sudan Kusini haijaandikwa. Kurekebisha vitabu vilivyokwisha kusambazwa Tanzania na Kenya kutakuwa kazi ya miaka. Juba bado ina ukurasa mtupu.