GHARAMA YA KUWAONGEZEA UJIRA MAKARANI WA KURA

Kila uchaguzi unapokaribia katika Kenya, husikika watu wakisema ya kuwa makarani wa vituo vya kupigia kura waongezwe ujira, kwani kazi ni nyingi na fedha ni chache. Wengine huona jambo hili ni jepesi, wakasema, "Shilingi mia tano tu, Serikali itashindwaje?" Neno hilo "tu" lataka kupimwa kwa hesabu.

Katika uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022 palikuwa na vituo 46,229. Tuchukue kwa mfano ya kuwa kila kituo kina watumishi sita, yaani msimamizi, msaidizi wake na makarani wanne. Jumla yao ni watu 277,374. Kila mmoja akiongezwa Shs. 500/- kwa siku, nyongeza ni Shs. 138,687,000/- kwa siku moja. Na kwa kuwa hawana budi kufundishwa kazi kwanza, tukihesabu siku tatu twapata Shs. 416,061,000/-. Hapo bado hatujautaja ujira wenyewe, wala chakula, wala magari.

Tena hesabu hukua hata pasipo mtu kuongezwa senti moja. Mwaka 2017 vituo vilikuwa 40,883. Basi kwa miaka mitano viliongezeka 5,346, na kwa mfano wetu hao ni watumishi wapya 32,076. Sababu ni kwamba kituo kimoja hakiwekewi zaidi ya wapiga kura 700, na watu walioandikishwa walizidi kuwa wengi.

Yuko atakayesema, idadi hiyo na ipandishwe hadi 1,000, vituo vipungue, na akiba wapewe watumishi watakaosalia. Shauri hilo ni zuri katika daftari. Lakini tangu mwaka 2013 kila mpiga kura hupewa karatasi sita: ya Rais, ya Gavana, ya Seneta, ya Mbunge, ya Mwakilishi wa Wanawake na ya Mwakilishi wa Wadi. Mwaka 2007 zilikuwa tatu. Watu 700 wakija wote, karatasi ni 4,200, nazo sharti zifunguliwe, zionyeshwe kwa mawakala na kuhesabiwa palepale usiku. Wakiwa 1,000, karatasi ni 6,000. Mimi ni karani, nami najua ya kuwa tarakimu ya saa tatu asubuhi si sawa na tarakimu ya saa tisa usiku.

Na kosa la kituoni halibaki kituoni. Msimamizi huandika matokeo ya Rais katika Fomu 34A, na juu ya fomu hizo hujengwa hesabu ya jimbo, kisha ya nchi nzima. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilitangua uchaguzi wa Rais uliofanyika tarehe 8 Agosti. Sisemi ya kuwa makarani ndio waliokosa, kwani lililotazamwa hasa ni namna matokeo yalivyopelekwa. Lakini uchaguzi uliporudiwa tarehe 26 Oktoba, kazi ya vituoni ilikuwa ya kulipiwa mara ya pili.

Kwa hiyo wapimao nyongeza wasiitazame jumla peke yake. Walioandikishwa mwaka 2022 walikuwa wapiga kura 22,120,458. Zile Shs. 416,061,000/- zikigawanywa kwa hesabu yao, hazifiki shilingi 19 kwa kila mmoja. Kwa maoni yangu, bei hiyo si kubwa kwa kupata mtu makini wa kuhesabu kura yako.

Lililo gumu ni wakati. Mwaka wa fedha wa Serikali ya Kenya huanza tarehe 1 Julai, na kwa Katiba uchaguzi mkuu ni Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Basi atakaye makarani waongezwe sharti apeleke hesabu yake kabla ya makadirio kusomwa Bungeni. Akija mwezi wa Julai, atakuta fedha zimekwisha kugawanywa.