Televisheni Mbovu: Ndani Yake Mna Mali na Mna Madhara

Haifichikani kwa mwenye macho kwamba televisheni bapa zimejaa katika nyumba zetu, na khasa tangu Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia mwisho wa mwaka 2012, na Kenya ikaimaliza kazi hiyo mwaka 2015. Na kila kiingiacho kwa wingi hutoka kwa wingi. Pita leo katika vichochoro vya mitaa yetu, utaziona zimeegemezwa ukutani, vioo vimepasuka, zangojea mkokoteni wa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Tumeazimia kuandika haya baada ya kijana mmoja wa chuo chetu, mwenye umri wa miaka 13, kutujia asubuhi mkono umefungwa kitambaa. Tukamwuliza, "Mwanangu, umepatwa na nini?" Akajibu, "Nalikuwa nafungua tivii ya jalalani, maalimu. Haikuwa kwenye umeme, lakini ilinipiga, nikajikata kwa bati." Tukafahamu kuwa mtoto huyu hakukosa akili wala bidii, alilokosa ni mtu wa kumfundisha. Basi lawama hiyo ni yetu sisi wakubwa kabla ya kuwa yake.

Tuanze na mali. Yafaa ijulikane kwamba kioo cha televisheni nyingi za namna hii hakitoi mwanga chenyewe. Mwanga hutoka katika taa zilizopangwa nyuma yake au pembeni mwake. Kwa hivyo, ikiwa sauti yasikika na kioo ni cheusi, usiivunje. Zima taa za chumba, washa tochi, uielekeze karibu na kioo. Ukiona picha hafifu, basi kioo ni kizima, na aghalabu taa ndizo zilizokufa, au umeme wa kuziwasha haufiki. Fundi aweza kuitengeneza kwa gharama ndogo kuliko ya kununua nyingine.

Lakini kioo kikiwa kimepasuka, mambo ni mengine. Kioo ndicho kipuri cha ghali kuliko vyote, na bei ya kipya hukaribia bei ya televisheni nzima. Hiyo ndiyo ya kufunguliwa kwa ajili ya spea: bodi ya umeme, bodi kuu, spika, taa, nyaya bapa, hata miguu yake. Na mwenye kutafuta spea asitazame jina la nje peke yake, kwani televisheni mbili za jina moja huweza kuwa na bodi mbalimbali. Atazame namba iliyopigwa chapa juu ya bodi yenyewe.

Sasa tuje katika madhara. Juu ya bodi ya umeme mna kapasita kubwa iwezayo kubaki na umeme wa zaidi ya volti 300 hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Hiyo ndiyo iliyompiga mwanafunzi wetu. Fundi ajuaye kazi hungoja, kisha huipima kwa mita, na umeme ukiwa ungalimo huutoa kwa rezista. Wala haigusishi bisibisi kwa kujaribu bahati. Na zile za zamani, kabla taa za LED hazijaenea, zina mirija ya kioo iliyo myembamba kuliko kalamu, na ndani yake mna zebaki. Ukivunjika mmoja, watolewe watoto, yafunguliwe madirisha, na vipande viokotwe kwa karatasi ngumu. Visifagiliwe kwa ufagio.

Ama kuchoma nyaya ili kupata shaba, huko ni kuuza mapafu kwa bei ya shaba. Moshi wa plastiki ile ni sumu kwa anayechoma na kwa jirani asiyepata hata senti. Agbogbloshie, katika mji wa Accra nchini Ghana, palijulikana ulimwenguni kwa vijana waliochoma nyaya za namna hii, mpaka mahali hapo palipovunjwa mwaka 2021. Nyaya huchunwa kwa kisu, na shaba hupatikana ile ile. Wala jambo hili si dogo: katika mwaka 2022 ulimwengu ulitoa tani milioni 62 za taka za vyombo vya umeme, na zilizojulikana kukusanywa na kushughulikiwa ipasavyo hazikufika robo.

Limebaki la tatu, nalo ni uaminifu. Bodi iliyotolewa katika televisheni mbovu ni halali kuuzwa, lakini iuzwe kwa jina lake: ni ya mtumba, imepimwa au haikupimwa. Kuipangusa vumbi na kuiita mpya ni kuficha ila, na pesa yake haina baraka. Na mbaya kuliko hiyo ni fundi aliyeletewa televisheni ya mtu, akatoa bodi nzima, akatia mbovu, kisha akasema, "Imekufa hii." Chombo kilichoachwa mezani pa fundi ni amana sawa na fedha iliyowekwa mkononi mwake.

Basi nasaha yetu kwa wazee ni hii: msiitupe televisheni jalalani watoto wakaifungue kwa mawe. Mpelekeeni fundi mumjuaye, na akibadilisha kipuri mwambieni awarudishie kile cha zamani mkione. Na mtoto mwenye mikono isiyotulia msimpige. Mtafutieni fundi mwaminifu wa kumlea katika kazi. Kijana wetu yule sasa kila Jumamosi huketi katika banda la fundi mmoja mtaani. Bado hajaruhusiwa kugusa bodi ya umeme. Kazi yake ni kushika tochi na kusoma namba, naye huzisoma kwa sauti kama asomavyo chuoni.

Na taufiki yatoka kwa Mwenyezi Mungu.